Tusilipige msasa gita kuukuu kabla ya kulisoma

Kuna dhana iliyokita mizizi katika shule zetu kwamba chombo cha muziki kilichochakaa kina njia mbili tu: ama kitupwe, ama kipakwe rangi kifanane na kipya. Wanaotupa tunawalaumu upesi. Wanaopaka rangi tunawasifu kwa bidii yao, ilhali nathubutu kusema kuwa hasara waletayo aghalabu ni kubwa zaidi. Kilichotupwa huenda kikaokotwa na mtu mwenye macho, lakini kilichokwanguliwa hakirudi.

Nitatoa mfano wa gita la nyuzi kumi na mbili, lile lisilotumia umeme. Nyuzi zake hufungwa mbili mbili. Katika jozi nne za sauti nzito, uzi mmoja huwa mwembamba na hulia oktava moja juu ya mwenzake; jozi mbili zilizosalia hulia sauti moja. Ndiyo maana mpigaji mmoja husikika kana kwamba ni wawili. Lakini utamu huo una gharama. Nyuzi sita za gita la kawaida huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Nyuzi kumi na mbili, hata zikiwa nyembamba, huvuta kwa zaidi ya kilo 100, usiku na mchana. Miaka ikipita, ubao wa uso hufura nyuma ya daraja, shingo huinama mbele, na mataruma yaliyobandikwa ndani huachana na ubao. Gita kuukuu la aina hii lisilo na dosari hata moja ni nadra sana.

Zingatia sasa jina Stella, ambalo limeandikwa kwenye vichwa vya magita mengi ya Marekani. Mwimbaji Mmarekani Mweusi Huddie Ledbetter, aliyejulikana zaidi kama Lead Belly na kufariki mwaka 1949, alipiga Stella ya nyuzi kumi na mbili. Magita ya Stella ya wakati huo yaliundwa na kampuni ya Oscar Schmidt ya Jersey City, na leo wakusanyaji huyatafuta kwa udi na uvumba. Lakini mnamo 1939 jina hilo lilinunuliwa na kampuni ya Harmony ya Chicago, iliyoendelea kulibandika kwenye magita ya bei nafuu kwa miongo kadhaa. Mapema mwaka 1963 wimbo wa kundi la Rooftop Singers uliopigwa kwa magita ya nyuzi kumi na mbili ulishika nafasi ya kwanza Marekani, na vijana wa huko wakayapapia. Katika miaka hiyo hiyo ya sitini ndipo vijana wa Peace Corps walipoanza kuja kufundisha katika shule zetu. Si ajabu, basi, gita la namna hiyo likipatikana katika stoo ya shule ya Kenya.

Nililiona moja. Shule sitaitaja. Mzee aliyefundisha hapo zamani alikumbuka kwamba kichwani palikuwa na neno Stella kwa rangi iliyofifia. Nasema palikuwa, kwa sababu gita lilikuwa limepigwa msasa toka kichwa hadi tumbo, likapakwa rangi za shule kwa ajili ya tamasha. Vikazio vya nyuzi vilikuwa vimebadilishwa na daraja kutupwa. Mgongo uliopasuka ulizibwa kwa ndani kwa kipande kipana cha mbao, kikagandishwa kwa gundi ya kemikali isiyoachilia, papo hapo ambapo muhuri wa kiwanda hupigwa. Kisha likafungwa nyuzi nene na kukazwa hadi kiwango cha kawaida cha sauti. Daraja jipya lilikuwa limeanza kung'oka. Je, lilikuwa la Schmidt au la Harmony? Hakuna pale shuleni awezaye kujibu.

Swali hilo lilihitaji tochi na kioo kidogo tu. Ndani ya magita mengi ya Harmony mna muhuri wa herufi F au S ikifuatwa na tarakimu mbili za mwaka, na penginepo nambari yenye herufi H katikati. Tarakimu zinazoifuata H hutaja aina ya gita. Kazi hii ya kutazama, kupima na kunakili haina tofauti na ile tunayomtaka mwanafunzi wa historia aifanye kwa waraka wa kale. Mwalimu wa fizikia naye atapata humo mvuto wa nyuzi na mtetemo wa ubao, mambo ambayo ubaoni huchosha.

Najua nitaambiwa kwamba shule haina fedha, na kwamba gita ni la kupigwa, si la makumbusho. Hoja ya pili naiafiki kabisa. Gita lisilolia ni sanduku. Lakini kulirejesha si kulipamba. Vyombo vingi vya zamani viligandishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo hulegea kwa joto na unyevu. Fundi mvumilivu huweza kung'oa shingo au daraja na kuvirudisha bila kuvunja kitu. Atumie gundi ya aina ile ile, na ubao uliopasuka auunge badala ya kuuziba. Rangi ya zamani ifutwe vumbi kwa kitambaa laini na iachwe ilivyo, mikwaruzo na yote. Fedha zikiwa haba, mataruma yatangulie, kwa kuwa ndiyo yanayobeba mzigo wote. Urembo unaweza kungoja hata miaka kumi.

Kabla ya fundi kuguswa na hamu ya kuanza, gita lipigwe picha nje na ndani, vipimo viandikwe katika daftari la shule, na kila kipande kitakachotolewa, hata skrubu yenye kutu, kitiwe katika bahasha yenye tarehe. Likishapona, lifungwe nyuzi nyembamba na kuteremshwa sauti mbili nzima chini ya kawaida. Lead Belly mwenyewe aliliteremsha lake zaidi ya hapo. Na shule zinapofungwa, nyuzi zilegezwe kabla ya stoo kufungwa.