Kijiko Kimoja cha Urea, Gapi Saba Chali!

Mlionizoea kwa visa vya mapenzi na vituko vya daladala mnisamehe, maana leo nina dhambi ya kuungama. Kuna marehemu saba, na muuaji ndiye mimi.

Ilikuwa hivi. Mpwa wangu wa darasa la tatu alikwenda likizo na mama yake, akaniachia tangi lake la samaki. Lita 50, gapi saba wenye mikia ya rangi, na majani ya Vallisneria, yale marefu kama utepe ambayo yanaota hata Ziwa Tanganyika. “Anko, usiwasahau,” akasema. Nikamwambia aondoe shaka, anko yupo.

Baada ya siku chache majani yakaanza kuwa ya njano. Basi bwana, nikajifanya mtaalamu. Jirani yangu analima mchicha, nikamwomba urea kijiko kimoja, nikaimwaga tangini. Si mbolea ni mbolea tu? Thubutu! Siku ya pili gapi wakawa juu juu wanagombea hewa. Ya tatu wote chali. Wiki haijaisha, maji yakawa kijani kama mlenda.

Nilishindwa hata kumpigia simu dada. Nikajipa safari ya Mafia, nikapanda mashua pale Utende mpaka Juani, kisiwa cha magofu ya Kua na fukwe ambazo kasa hutaga mayai. Huko yuko shangazi yangu, mkulima wa mwani. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamwaga yote.

Shangazi akacheka hadi ushungi ukamvuka. “Mwanangu, mimi mwani wangu sijaupa mbolea hata siku moja. Bahari inaulisha kidogo kidogo, maji yanakuja, maji yanatoka. Wewe umewapa chakula cha mwaka kwa usiku mmoja, tena ndani ya maji yaliyosimama. Ungetegemea nini?”

Maneno yale nilirudi nayo Dar, nikaenda moja kwa moja kwenye duka la pembejeo kuuliza kama mtu mwenye akili. Wewe mwenye tangi sebuleni, kaa chonjo.

Kwanza, urea, DAP na CAN waachie wenye mahindi. Urea ikioza majini inatoa amonia, DAP na CAN nazo zinayo tayari. Amonia ni sumu kwa samaki, na kadiri maji yanavyokuwa ya moto na yenye pH ya juu, ndivyo ukali wake unavyozidi. Mwani nao unaipenda kuliko pilau.

Pili, ulizia zile mbolea za unga zinazoyeyuka zote, wanazotumia wenye vitalu nyumba na umwagiliaji wa matone. Soma namba kwenye mfuko. Potasiamu nitreti imeandikwa 13-0-46 au karibu na hapo: inatoa nitrojeni isiyo amonia, pamoja na potasiamu. MKP ni 0-52-34, hiyo ni fosforasi na potasiamu. Potasiamu salfeti ni 0-0-50, kwa wanaotaka potasiamu peke yake. Ukiwa na samaki wengi, kinyesi na chakula chao tayari kinatoa nitrojeni na fosforasi, kwa hiyo huenda ukahitaji potasiamu na chuma tu. Usinunue duka zima!

Tatu, chuma na madini madogo madogo. Kwa maji magumu ya kisima tafuta chuma cha DTPA, maana cha EDTA kinaachia mapema. Usikitie siku moja na MKP, vitashikana viwe mchanga usio na faida. Na mchanganyiko huo mara nyingi una shaba, ukizidisha konokono na kamba watakwenda na maji.

Nne, kipimo. Kijiko ndicho kilichoniponza, sasa natumia mizani ndogo kama ya sonara. Nayeyusha gramu 10 za potasiamu nitreti kwenye nusu lita ya maji, na gramu 1 ya MKP kwenye chupa yake nyingine. Kwa tangi la lita 50, mililita 25 za kila chupa kwa wiki zinatosha kuanzia. Hapo nitreti inapanda kwa kama miligramu 6 kwa lita, na fosfeti haifiki hata miligramu 1. Jani likinyong’onyea ndipo uongeze, taratibu. Chupa ziandike majina na ziwe mbali na watoto. Potasiamu nitreti iwe mbali na moto pia, maana inauchochea.

Tano, bamvua la shangazi: kila wiki toa nusu ya maji, weka mapya. Ya bomba yaache kwanza ndooni wazi siku nzima, klorini itoke. Mbolea iliyozidi inaondoka na maji, haijilundiki.

Na ukifika Juani usithubutu kung’oa majani ya bahari ukaleta nyumbani. Ile ni Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ipo tangu 1995, na majani yale hayaishi kwenye maji baridi hata siku moja.

Mpwa wangu alirudi Jumamosi. Majani yalikuwa yamerudia kijani, maji meupe, ila tangi tupu. Ningeweza kumnunulia gapi wengine saba nikauchuna. Nikashindwa. Nikamwambia ukweli wote, kuanzia kijiko. Alinyamaza muda mrefu, machozi yakimlengalenga, halafu akaichukua ile mizani yangu akaigeuzageuza.

“Anko,” akasema, “samaki wapya utanunua wewe. Lakini mbolea napima mimi.”

Nimekubali bila kubisha. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.