Ngozi Ikitoboka

Kila ifikapo Idd el-Adh-ha, katika nyumba zetu nyingi huonekana jambo moja. Mbuzi amekwisha kuchinjwa na kutundikwa, na vijana wetu wamesimama kando, simu mikononi, wakimngoja mchunaji wa kukodi. Si wavivu. Mwaka juzi tuliwakataza wasiguse, wasije wakatoboa ngozi. Mwaka jana tukawakataza tena. Mwaka huu wameacha kuomba.

Ndugu wasomaji, tutazame Mtume Muhammad (s.a.w.) alivyolikabili jambo hili hili. Abu Said al-Khudri (r.a.) amesimulia, katika Hadithi iliyomo ndani ya Sunan Abu Daud, kuwa Mtume alimpitia kijana aliyekuwa akichuna mbuzi. Akamtaka asogee ili amwonyeshe. Kisha akaupitisha mkono wake baina ya ngozi na nyama, ukazama hadi kwapani, halafu akaenda kuwasalisha watu. Katika mapokezi ya Ibn Majah, alimwelekeza kijana achune namna hiyo. Hakumfukuza wala hakumnyang'anya kazi yake: alimwonyesha, akamwachia.

Wachunaji wetu wangali wakifanya vivyo hivyo. Kisu hufungua ngozi miguuni na tumboni. Baada ya hapo kazi ni ya ngumi, kwa kuwa ngumi husukuma bila kutoboa, na mbuzi angali na joto. Mkono wenyewe ndio huhisi mahali ngozi inapoachia. Hilo halifundishiki kwa maneno.

Wahenga walisema: mtoto akililia wembe, mpe. Sisi hatusemi apewe kisu siku ya kwanza. Tunasema aanze na ngumi, mzazi akiwa ubavuni pake, na kisu kifuate mkono ukishazoea. Hata jikoni ni hivyo: binti asiyeachiwa kusukuma chapati yenye pembe hataisukuma ya duara.

Basi Idd ijayo, tumwachie mtoto japo paja moja. Ngozi ikitoboka, tumepoteza ngozi. Lakini tukiendelea kuwasimamisha kando, itafika siku watakuwa na watoto wao, mbuzi ametundikwa, na nyumba nzima haina mkono unaojua pa kuanzia. Tutakuwa tumewarithisha sunna ya kuchinja, tukawanyima mikono ya kuitimiza.

Wabillahi tawfiq.