Karatasi Iliyofichwa Chini ya Godoro



Wapendwa waamini, mama mmoja wa jumuiya zetu ndogondogo huku Mbagala (ameniruhusu kusimulia) aliniletea karatasi ya vipimo aliyoificha chini ya godoro kwa wiki tatu. Neno moja lilikuwa limemtisha: anemia. Alidhani ni ugonjwa usio na dawa. Kigiriki changu cha seminari, nakiri, kimeota kutu, lakini hilo nililikumbuka: “an” ni pasipo, “haima” ni damu. Kumbe ni upungufu wa damu! Mama alicheka, kisha akalia, maana vidonge alivyopewa hakuwa amemeza hata kimoja.

“Haima” si neno geni kwetu. Mtakatifu Luka, ambaye Mtume Paulo anamwita tabibu, alilitumia katika sura ya 8 ya Injili yake, alipomtaja mwanamke aliyetokwa damu kwa miaka 12. Kwa wasomaji wake lilikuwa neno la kila siku. Hata ule ugonjwa tunaouogopa kuliko yote, Wagiriki waliuita “karkinos”, yaani kaa, na Waarabu wakauita kwa jina la mnyama huyohuyo, ndipo sisi tukapata saratani. Nasi kila Dominika twatamka Kigiriki bila hofu: Ekaristi ni shukrani. Hatuogopi kwa kuwa katekista alitufafanulia.

Siwalaumu matabibu. Lugha hiyo humwezesha daktari wa Temeke kuelewana na mwenzake wa Athens. Lakini isidhaniwe kwamba Kigiriki pekee ndicho chenye hadhi ya kutaja maradhi. Homa ilipozuka mwaka 1952 katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa nchi yetu, ilipewa jina la Kimakonde: chikungunya, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Leo jina hilo limo katika vitabu vya tiba duniani kote.

Kwa hiyo nawasihi madaktari na wauguzi mnaosali nasi: andikeni Kigiriki chenu, lakini mgonjwa asivuke mlango kabla hajasikia Kiswahili chake. Nawe mgonjwa, uliza, hata kama foleni nyuma yako inanung’unika.

Mwenye karatasi asiyoielewa aje nayo ofisini baada ya Misa ya pili. Nitamwita muuguzi mmoja wa parokia, kwani Kigiriki changu hakitibu mtu.