Mwanasayansi Asiishie Maabara

Mwanasayansi aingie kwenye harakati, ama abaki na vipimo vyake maabara? Wengi watakuambia abaki huko. Eti akishaonekana barabarani ameshika bango, nani ataamini takwimu zake tena?

Ndugu msomaji, kabla hujakubali, angalia yaliyotokea hapa hapa Mombasa.

Pale mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, kimepakana na nyumba za watu. Mwaka wa 2009 Phyllis Omido aliajiriwa pale. Tathmini ya mazingira ilipofanywa na wataalamu, ikaonyesha kwamba wakaazi wako hatarini. Akashauri kiwanda kihamishwe. Akapuuzwa. Baadaye mtoto wake mwenyewe alipimwa, akapatikana na madini ya risasi kwenye damu.

Sasa ona. Elimu ilikuwepo. Ilijulikana zamani kwamba risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Lakini ripoti peke yake haikufunga kiwanda. Ilibidi mama mmoja na majirani zake waandamane, waandike barua, wakamatwe, ndipo kiwanda kikafungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2020 mahakama ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa ikafuta. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi hiyo, na mtoto wa 2009 sasa ana umri gani.

Wanaosema sayansi isiguse siasa wanasahau kitu kimoja. Kiwanda kijengwe wapi, nani apewe leseni, nani aishi karibu na moshi, hayo yote ni siasa. Hakuna aliyepeleka kiwanda kile kwenye mtaa wa matajiri. Mwenye kujua akinyamaza, mwenye pesa ndiye anabaki akiongea.

Na si jambo geni Kenya. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1971, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi somo la maumbile ya wanyama. Mwaka wa 1989 alipinga jengo la orofa 60 lililotaka kumeza bustani ya Uhuru Park. Akatukanwa mpaka bungeni. Mwaka wa 1999 akapigwa akipigania msitu wa Karura. Leo bustani iko, msitu uko. Kuna mtu anasema usomi wake ulipungua kwa sababu alisimama?

Ile hofu ya takwimu kutoaminika, tusiidharau. Ni ya kweli. Dawa yake si kunyamaza, ni uwazi. Mwanasayansi aeleze alichota udongo wapi, alipima vipi, ili mwingine aende akapime tena. Risasi iliyo kwenye udongo haiongezeki wala kupungua kwa sababu aliyeipima anaandamana.

Na sisi wanaharakati tuna deni letu. Tusimwombe mtaalamu atuongezee sifuri ili kesi inoge. Akisema kisima hiki ni salama, tukubali hata kama tulishachapisha mabango. Siku tutakayomfanya adanganye kidogo kwa ajili yetu, tumepoteza silaha yetu ya pekee mbele ya hakimu.

Kwa hivyo wewe unayesoma haya, kama ni daktari, fundi wa maabara, ama mwanafunzi wa kemia pale chuoni, hatukuulizi unapigia chama gani kura. Tunaomba mambo matatu. Ukipima, wape majibu waliopimwa, kwa lugha wanayoelewa. Kukiitishwa baraza, njoo uelezee. Na kesi ikifika kortini, kubali kusimama kizimbani kama shahidi.

Usituachie karatasi, ukaenda zako.