Zege Lililomeza Hewa

Mijadala ya binadamu kuhamia Mirihi siku hizi huanzia kwenye roketi na kuishia kwenye roketi. Tunahesabiwa tani za mzigo, miezi ya safari na bei ya kila kilo. Elon Musk ametangaza mji wa watu milioni moja, na wengi wanaombishia wanabishia tarehe tu. Nimeuchoka mjadala huo, na toleo hili la jarida letu nimelipanga makusudi ili kuutoa huko. Wahandisi wasikilizwe kuhusu safari. Kuhusu maisha baada ya kufika, wa kwanza kusikilizwa wawe wataalamu wa udongo na wa vijidudu, pamoja na wakunga.

Ushahidi wangu uko Oracle, jimbo la Arizona. Tarehe 26 Septemba 1991 watu wanane walifungiwa ndani ya Biosphere 2, jengo la vioo na chuma lenye eneo la zaidi ya hekta moja, na ndani yake msitu, bahari ndogo na mashamba. Walitakiwa wakae miaka miwili wakila walichopanda na kuvuta hewa ya mimea yao wenyewe. Walianza na oksijeni ya asilimia 20.9, kama tunayovuta sisi. Baada ya miezi kumi na sita ilikuwa imeshuka hadi asilimia 14 hivi, hewa ya mtu aliyepanda Kilimanjaro akaipita kambi ya Horombo. Walilima wakiwa na njaa, usingizi ukawapaa, na mmoja wao, Jane Poynter, amesimulia jinsi alivyoshindwa kumaliza sentensi ndefu bila kusimama avute pumzi. Januari 1993 ikabidi oksijeni iingizwe kutoka nje.

Oksijeni iliyopotea ilikuwa imekwenda wapi? Mashamba yalijazwa udongo wenye mboji nyingi ili mazao yastawi. Bakteria wakaila mboji ile, wakatumia oksijeni na kutoa hewa ukaa. Mimea ingeweza kuichukua hewa ukaa hiyo na kuirudisha oksijeni, lakini vipimo vilionyesha hewa ukaa kidogo mno kuliko oksijeni iliyopotea, na kwa muda hakuna aliyeweza kueleza tofauti hiyo. Jeff Severinghaus na Wallace Broecker wa Chuo Kikuu cha Columbia ndio waliolichunguza zege la jengo. Zege lile lilikuwa bado changa, na chokaa yake ilinyonya hewa ukaa ikageuka kalsiamu kaboneti, oksijeni ikafungiwa humo pamoja na kaboni. Kuta zilikuwa zikivuta pumzi ya wakazi wa jengo.

Na jengo hilo lilikuwa hapa hapa duniani, lina jua la duniani, lina mvutano tuliouzoea, na oksijeni ya kuokoa watu ilifika mlangoni kwa barabara. Ndiyo maana sipokei hoja kwamba mambo ya mashamba na hewa yatatatuliwa tukishafika. Udongo wa Mirihi una chumvi za pakloreti, zilizogunduliwa na chombo cha Phoenix mwaka 2008, na chumvi hizo huidhuru tezi ya shingo. Mashine ya MOXIE, iliyopelekwa huko na chombo cha Perseverance, ilitengeneza gramu 122 za oksijeni katika majaribio yake yote, kuanzia 2021 hadi 2023. Ni kazi ya kujivunia, nami naiheshimu sana. Mtu mzima mmoja anaimaliza oksijeni hiyo kwa saa tatu au nne.

Kisha kuna watoto, ambao karibu kila mchoro wa mji wa Mirihi huwasahau. Mvutano wa Mirihi ni asilimia 38 ya wetu. Karibu yote tunayoyajua kuhusu mwili wa binadamu kwenye mvutano pungufu wa namna hiyo yametoka kwa wanaume 12 waliokanyaga Mwezi, na waliokaa muda mrefu zaidi hawakupita saa 75. Hakuna mimba ya binadamu iliyowahi kutungwa nje ya dunia. Mifupa ya mtoto wa miaka mitano ingekuaje kule, nyonga za mama zingebebaje ujauzito wa miezi tisa? Anayeahidi watu milioni moja anaahidi wodi za wazazi, na tuna haki ya kumuuliza habari za wodi hizo.

Katika toleo hili, makala ya mionzi ni fupi na ya uhakika. Mwanasheria wetu anauamini Mkataba wa Anga wa 1967 kuliko ninavyouamini mimi, ila maelezo yake kuhusu Rwanda na Nigeria kusaini Makubaliano ya Artemis ya uchunguzi wa anga Desemba 2022 yanastahili kusomwa mara mbili. 

Nilichokikosa katika makala zilizotufikia ni sauti ya mtu anayeshika udongo kila siku. Wataalamu wa namna hiyo tunao, kwenye taasisi za kilimo za Morogoro, Njoro na Kabanyolo, na wengi wao wanadhani swali hili haliwahusu. Toleo lijalo nimewatengea nusu ya kurasa. Nawaomba waanze na mboji: ni kiasi gani, ya aina gani, na nani atakayepima oksijeni inayotumika kuiozesha.