Kocha Anapopendwa na Bondia Wake

Filamu za mabondia wa kike hupenda kuchanganya ngumi na mapenzi, hasa mapenzi yaliyokatazwa. Tumeiangalia Irudhi Suttru, filamu ya India ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Sudha Kongara. Madhi ni muuza samaki wa Chennai, mkaidi na mwepesi wa ngumi. Kocha Prabhu anamfundisha, na binti anampenda na kumwambia wazi. Kocha, aliyemzidi umri kwa mbali, hapokei. Tungependa iishie hapo, lakini Madhi anaposhinda ubingwa anamrukia kocha wake na kumkumbatia, na mtazamaji anaachwa akiwaombea waoane.

Ndani ya filamu hiyohiyo yumo kiongozi wa chama cha ngumi anayemtaka binti kimwili kwa kutumia cheo chake. Huyo tunamchukia mara moja. Hatari imepewa mtu mbaya, na kocha mwema ameachwa huru, kana kwamba wema wake unaondoa uzito wa nafasi aliyo nayo.

Tumtazame Christy Martin, bondia wa Marekani, ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2025. Aliolewa na kocha wake, Jim Martin, aliyemzidi takriban miaka 25. Mwaka 2010, huko Florida, mume huyo alimchoma kisu na kumpiga risasi. Christy alinusurika, mume akahukumiwa kifungo cha miaka 25.

Si kila kocha ni Jim Martin, tunajua. Lakini kocha hujua uzito wa bondia wake, chakula chake na hofu yake, na sauti yake ina nguvu katika kuamua nani apande ulingoni. Binti atamkataliaje mtu wa namna hiyo? Na akianza yeye binti, bado wa kusema hapana ni kocha.

Mafrateri wenzetu, hili linatuhusu kabla hata ya useja. Frateri akienda parokiani kwa mwaka wa kichungaji, vijana wa kwaya humletea machozi yao na siri za nyumbani kwao. Ujumbe wa saa tano usiku huanza na “Frateri, naomba ushauri.” Mambo yakiharibika, husikika maneno, hata kwa wanaparokia: “Si walipendana? Wote watu wazima.” Hatukubaliani nayo. Aliyekuja kuomba msaada hakuja akiwa na nguvu sawa na anayemsaidia.

Ladha nyingine imo katika Girlfight ya Karyn Kusama, ya mwaka 2000. Diana, msichana wa Brooklyn anayejifunza ngumi bila baba yake kujua, anampenda Adrian, bondia mwenzake. Wanakutana fainali. Adrian anaona aibu kupigana na msichana, tena mpenzi wake, lakini mwishowe anaingia ulingoni. Diana anashinda kwa pointi, na ni baada ya hapo ndipo wawili hao wanazungumza tena.