Maembe ya Emali na kufuli la nambari

Juma hili waite watoto karibu, na mwenye kalamu na karatasi aje nazo.

Twende Emali, pale barabara kuu ya Nairobi na Mombasa inapokutana na ile ya Loitokitok. Msimu wa maembe ukifika, mtazame mama anayeyapanga. Akiwa na maembe 12, atapata mistari mitatu ya manne, au miwili ya sita. Akiwa na 13, apange apendavyo, hapati ila mstari mmoja mrefu. Nambari kama 13, isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe, ndiyo nambari tasa.

Utasema hayo ni ya watoto wa shule, yakuhusu nini wewe mwenye mshahara na madeni? Yakuhusu sana. Tangu mwaka 2007, pesa nchini Kenya hutembea kwa simu, na siku hizi wengi wetu hufungua akaunti za benki kwa intaneti. Habari hizo husafiri zikiwa zimefungwa kwa kufuli za hesabu. Kufuli moja mashuhuri ilitangazwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman. Huchaguliwa nambari tasa mbili kubwa, zikazidishwa. Jawabu hutangaziwa dunia nzima, lakini zile mbili zenyewe hubaki siri. Azijuaye ndiye mwenye ufunguo.

Usalama wake ni huu: kuzidisha ni rahisi, kurudi nyuma ni taabu. Mtoto yeyote atakupa 23 mara 29, yaani 667. Lakini mpe 667 peke yake, umwulize imetokana na zipi. Atajaribu 2, 3, 5, 7, aende hivyo hivyo mpaka 23. Sasa fikiria nambari yenye tarakimu 617, kama zitumiwazo katika kufuli nyingi za leo. Kwa kujaribu moja moja, kompyuta zote za dunia hazimalizi.

Je, hakuna njia ya mkato? Ipo, ila ina masharti. Mwaka 1985 Mholanzi Hendrik Lenstra alionyesha jinsi ya kutumia mikunjo iitwayo ya eliptiki. Hebu tuione kwa 667 yetu.

Chukua mkunjo huu: y mara y ni sawa na x mara x mara x, ongeza x mbili, ongeza 1. Nukta (0, 1) imo. Sheria ya mchezo ni kwamba nukta mbili huunganishwa kwa mstari, mstari huo ukaukata mkunjo mahali pa tatu, kisha alama ya y hapo ikageuzwa. Nukta ikijiunga na yenyewe, tunachora mstari unaougusa mkunjo papo hapo. Anza na (0, 1) ijiunge na yenyewe: unapata (1, −2). Iunganishe hiyo na (0, 1): unapata (8, 23). Hakikisha mwenyewe: 23 mara 23 ni 529, na 512 ongeza 16 ongeza 1 ni 529 pia.

Sasa (8, 23) ijiunge na yenyewe. Ili kupata mwinamo wa mstari, lazima ugawe kwa 23 mara mbili, yaani 46. Na hesabu yetu yote huchukua baki tu baada ya kugawa kwa 667. Katika hesabu ya namna hiyo, huwezi kugawa kwa nambari yenye kigawo kimoja na 667. Umekwama! Lakini kukwama huko ndiko tulikokuwa tukikutafuta. Toa 46 katika 667 mara kumi na nne, inabaki 23. Na 23 inaingia katika 46 bila baki. Basi kigawo kimekamatwa: 667 ni 23 mara 29.

Kwa nini tulifaulu upesi? Kila nambari tasa iliyofichika ina mzunguko wake katika mkunjo. Mzunguko wa nukta yetu kwa 23 ni hatua sita tu. Ungekuwa na hatua nyingi zisizogawika kwa nambari ndogo ndogo, tungechoka bure. Njia ya John Pollard ya mwaka 1974 ilitegemea bahati ya namna hiyo, na kila nambari tasa ilikuwa na nafasi moja tu. Lenstra alituletea ruhusa ya kubadili mkunjo: huu ukikataa, chukua mwingine, na mzunguko nao hubadilika.

Kwa njia hiyo, mwaka 1995 Richard Brent alipata kigawo chenye tarakimu 40 ndani ya nambari yenye tarakimu 309. Mwaka 2013 Ryan Propper alipata chenye tarakimu 83.

Lakini usiogope kwa ajili ya akiba yako. Njia hii huchoka kadiri kigawo chenyewe kinavyokuwa kirefu. Ndiyo maana watengenezaji wa kufuli huchagua nambari tasa mbili zenye urefu karibu sawa, kila moja ikiwa na tarakimu mia tatu hivi. Wangechagua moja fupi na moja ndefu, ile fupi ingewaponza.

Kwa hiyo mwizi mwerevu hahangaiki na mikunjo. Hukupigia simu, akakuita mteja wetu mpendwa, akakuomba namba yako ya siri. Kufuli ni imara, msomaji, bali mdomo ndio mlango ulio wazi.

Zoezi la watoto: tafuteni vigawo vya 259 kwa mkunjo ule ule, mkiunganisha (1, −2) na (8, 23). Jawabu mtalihakikisha wenyewe kwa kuzidisha. Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.